Muulize Binamu: Gorillaz ni watu, ni katuni au ni AI?

Mbukwenyi wadau! Wiki hii nilipanga kumjibu yule ndugu wa Kibaigwa ambaye sabufa yake inanguruma hata ikiwa imezimwa, ila nimeiweka kiporo kwanza, maana meseji za bendi ya katuni zimekuja mfululizo mpaka nikajiuliza kuna nini mjini. Kumbe kuna mbuzi choma imewekwa rehani. Tuanzie hapo.

SWALI: Binamu za masiku. Mi ni bodaboda, kijiwe chetu kiko karibu na stendi ya Nanenane huku Nzuguni. Juzi usiku baa ya jirani wakapiga ngoma moja ya kizungu inaanza jamaa anacheka kama kachanganyikiwa alafu besi inaingia, nikaisaka jina nikaambiwa ni Feel Good Inc. ya Gorillaz. Nikafungua kichupa nakuta wanaoimba ni katuni tupu. Sasa kuna dogo hapa kijiweni anasoma chuo kasema hiyo ni AI imetengeneza, hakuna mtu pale, mi nikabisha kwamba sauti ile ni ya binadamu kabisa. Tumewekeana kilo ya mbuzi. Nani analipa? – Baba Neema, Nzuguni

JIBU: Baba Neema kaagize pilipili ya pembeni, dogo ndo analipa.

Hiyo singo imetoka Mei 2005. Mwaka huo mi nilikuwa naburn CD kwenye kibanda pale Majengo, kompyuta yenyewe ukiiwasha unaenda kunywa chai unarudi bado inawaka, sasa hiyo AI ya kutunga wimbo na kuchora video ingetokea wapi? Kila unachokisikia mle kimetoka kwenye mapafu na vidole vya watu.

Gorillaz ilianzishwa mwaka 1998 London na washkaji wawili waliokuwa wanaishi nyumba moja. Mmoja ni Damon Albarn, huyu alikuwa staa tayari na bendi yake ya Blur, mwingine ni Jamie Hewlett, mchoraji wa vibonzo aliyejulikana kwa kile cha Tank Girl. Stori yao wenyewe ni kwamba walikuwa wamekaa wanaangalia MTV, wanaona mastaa wote wanafanana na hamna kitu ndani, wakaona bora watengeneze bendi feki moja kwa moja, ijulikane ni feki, alafu muziki wake uwe wa kweli. Ko Albarn akashika nyimbo, Hewlett akashika kalamu.

Wakazaliwa wanne. 2-D ndo mwimbaji, yule mwembamba mwenye nywele za bluu na macho kama yametolewa, jina lake linatokana na mabonde mawili aliyonayo kichwani kwa ajali. Murdoc anapiga besi, huyo mkorofi. Russel ni bonge wa Marekani anapiga drams. Na Noodle, binti wa Kijapani wa gita, ambaye kwenye stori yao alifika kwa wenzie akiwa ndani ya boksi kama mzigo wa kutumwa kwa basi. Ila Baba Neema, 2-D akifungua mdomo, anayeimba ni Albarn. Na wale wanaochana mistari ni De La Soul, kundi la hiphop la New York la tangu miaka ya 80, watu wenye vitambulisho kabisa. Aliyechana sana pale ni Trugoy, jina la kwao David Jolicoeur, na huyo ametangulia mbele za haki Februari 2023. Kile kicheko cha mwanzo ni cha mwenzie, Maseo. Sasa mwambie dogo AI haifi.

Aliyeshika usukani wa kuprodyuzi ni Danger Mouse wa Marekani akishirikiana na wenyeji, albam inaitwa Demon Days. Uingereza singo ilifika namba 2, Marekani namba 14, na Februari 2006 ikabeba tuzo ya Grammy ya kolabo bora ya pop. Ilipita pia kwenye lile tangazo la iPod la vivuli vinacheza.

Ila mi nataka nikae kwenye besi kidogo maana hapo ndo baa ilikukamata. Sikiliza vizuri ukipata nafasi: ile laini inarudi ileile, inarudi ileile, haina haraka, kama mtu anatembea huku kaweka mikono mfukoni, na juu yake 2-D haimbi kwa sauti yake ya kawaida, anaimba kama yuko kwenye kipaza sauti cha gari la matangazo. Na kweli ukiangalia kichupa ameshika kile kipaza cha mkononi! Alafu ghafla kila kitu kinatulia, gita la kavu linaingia, sauti inakuwa laini, na hapo kwenye picha ndo unaona kile kisiwa kinaelea hewani na kinu cha upepo juu yake, Noodle kakaa pembeni anapiga gita miguu inaning'inia. Yaani ukisikiliza audio peke yake utajua kuna sehemu mbili za wimbo, ukiangalia kichupa ndo unajua ni SEHEMU mbili, moja ni ndani ya mnara mchafu watu wamejilaza sakafuni hoi kwa starehe, nyingine ni nje kwenye upepo, na 2-D yuko dirishani anaitazama ile ya nje asiyoweza kuifikia. Wale De La Soul wako kwenye maskrini makubwa ukutani wanawachekea. Na nyuma ya kisiwa zinakuja helikopta.

Mi huwa nawaambia vijana wimbo huu umeandikwa mara mbili, mara moja kwa gita mara moja kwa penseli, ukichukua mmoja ukaacha mwingine umenunua kiatu cha mguu mmoja.

Kuhusu kuchora, kampuni ya London inaitwa Passion Pictures ndo ilifanya, Hewlett akiongoza na mwenzie Pete Candeland. Shuleni ulishawahi kuchora kimtu kwenye kona ya daftari, kila ukurasa kimesogea kidogo, alafu ukafyatua kurasa kwa kidole gumba kikaonekana kinakimbia? Ndo kazi yenyewe, ila sekunde moja inaweza kula picha 24. Dakika moja ni 1,440. Kompyuta zilitumika ndiyo, mnara na zile helikopta zina mkono wa kompyuta, lakini kompyuta kama jembe, kuna mtu kalishika. Kilo ya mbuzi ni yako, na dogo aongeze ndizi mbili kwa usumbufu.

SWALI: Shkamoo Binamu. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Kisasa. Kijana wangu wa miaka 9 anaangalia hiyo video kila siku akitoka shule, wenzangu wa jumuiya wameniambia ni mambo ya kishetani, yule wa kijani amevaa msalaba kichwa chini na kile kicheko kinatisha usiku. Nimfutie au nimwache? – Mama Ebeneza

JIBU: Marahaba mama, japo mi ndo ningekuamkia, umri wangu wa kwenye picha usikudanganye.

Sitakuficha. Yule wa kijani ni Murdoc na kweli anavaa huo msalaba, na kwenye hadithi zao anajisifu kabisa kwamba ana mambo na shetani. Ila amechorwa hivyo ili awe kichekesho, meno mabovu, mwongo, anajiona staa wakati hata chupi haijafuliwa. Ni dhihaka ya wale mastaa wa roki waliokuwa wanatishia watu kwa makorokoro hayohayo. Mtu mzima anaelewa utani. Wa miaka 9 anaona tu msalaba umegeuzwa, na maswali yake yatakuja kwako sio kwa Hewlett.

Kicheko mama ni cha mwanamuziki aliyekaa mbele ya maiki, hakuna pepo. Kinachonipa mimi wasiwasi zaidi ni vingine: ndani ya ule mnara kuna watu wamelewa hoi na akinadada nguo hazijatosha, na akimaliza hiyo simu itamletea yenyewe Clint Eastwood, singo yao ya 2001, ambayo ina makaburi na masokwe wanafufuka wanacheza. Hiyo usiku atakuja chumbani kwako na shuka lake.

Ningekuwa mimi nisingefuta. Kaa nae mara moja, muulize kwa nini wale watu wamelala sakafuni na kwa nini yule kaka anachungulia dirishani. Nilifanya hivyo kwa mpwa wangu, akaniambia "kwa sababu ndani kunanuka". Mi na miaka yangu yote sikuwahi kuisema vizuri hivyo. Alafu simu iwe yako, sio yake.

SWALI: Binamu mi nasoma mambo ya kompyuta hapa UDOM. Kuna mtu kanibishia kwamba hawa Gorillaz wamepiga shoo laivu jukwaani wakiwa katuni, watu wanawaona. Inawezekanaje bila miwani ya 3D?

JIBU: Imewezekana, na teknolojia yenyewe ni ya babu zako.

Umeshapanda basi la usiku toka Dar? Mkiwa maeneo ya Gairo, nje giza totoro, taa za ndani zinawaka, geukia dirishani. Unajiona mwenyewe uko nje, unaelea juu ya vichaka, unakimbia sambamba na basi na huna miguu. Vichaka unaviona na wewe unajiona, vyote pamoja. Kioo kinapitisha mwanga wa nje huku kinarudisha mwanga wa ndani. Bas, ndo siri nzima. London mwaka 1862 bwana mmoja John Henry Pepper alitumia hiyohiyo kuleta mzimu jukwaani, kioo kimeinamishwa, mtu amejificha chini anamulikwa taa, watazamaji wanaona mzimu unasimama kati ya waigizaji. Mpaka leo inaitwa mzimu wa Pepper.

Novemba 2005 kule Lisbon kwenye tuzo za MTV za Ulaya, Gorillaz wakafanya hivyo ila badala ya kioo wakatandika karatasi angavu nyembamba ya plastiki kwa mshazari mbele ya jukwaa zima, katuni zikarushwa kwa projekta zikaakisiwa pale, ukumbi ukaona Murdoc na wenzie wamesimama kabisa. Februari 2006 wakarudia kwenye Grammy, hapo Madonna nae akaingizwa kama mzimu akawa anakatiza kati yao kabla hajatokea wa kweli.

Sasa kuna kitu hapa wewe mtu wa kompyuta utakipenda. Ile karatasi ni kama ngozi ya ngoma. Besi ikipigwa kwa nguvu inatetemeka, ikitetemeka katuni zote zinayumba kama picha kwenye maji, ko ilibidi muziki ushushwe. Fikiria! Wimbo ambao roho yake ni besi, unafika jukwaa kubwa kuliko yote unaambiwa punguza besi. Albarn mwenyewe hakuifurahia shoo ile kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya hapo, ziara yao ya 2001, wanamuziki walikuwa wanapiga nyuma ya pazia, unaona vivuli tu na katuni juu. Kuanzia 2010 wakachoka kujificha, wakatoka mbele wazi, katuni zikahamia kwenye skrini kubwa nyuma yao. Mwaka huohuo walipanda Glastonbury, lile tamasha kubwa la Uingereza, kama wakubwa wa usiku kuziba nafasi ya bendi ya U2 baada ya mwimbaji wao Bono kuumia mgongo. Nikwambie ukweli naipenda zaidi hiyo ya kujitokeza, unaona katuni na unaona jasho.

SWALI: Yule binti wa kisiwani na kinu cha upepo aliishia wapi? Zile helikopta zilimpata? Sina bando la kutafuta. – Mtani wako, Singida

JIBU: Mtani wa Singida kuuliza habari za upepo, nilijua tu.

Walimpata. Kaangalie El Mañana ya 2006, kisiwa kilekile, helikopta zilezile, wanakimiminia risasi mpaka kinu kinawaka na kisiwa kinaanguka bondeni. Mashabiki walilia kama kafa mtu wa ukoo. Akaja kuonekana tena 2010 kwenye On Melancholy Hill, mzima na hasira zake. Katikati hapo Murdoc alikuwa kamtengenezea roboti la kufanana nae, ndo lile lipo kwenye Stylo wanakofukuzwa na Bruce Willis na gari, huyo sasa Bruce Willis mwenyewe, sio mchoro. Hesabu ni vichupa vinne. Subiri ofa ya usiku.

SWALI: Habari Binamu. Sisi ni vijana watano Chamwino, tunapiga ngoma za asili na mmoja wetu anachora sana. Tunataka tutengeneze bendi yetu ya katuni ya Kigogo, wahusika tunao wanne tayari, mmoja ni bibi anayepiga muheme, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo. Tuna maswali mawili, je itaonekana tumeiga wazungu? Na mchoraji akiamua kuondoka, katuni zinabaki na nani? Maana mwaka jana tulimpelekea jamaa mmoja mwenye studio michoro yetu akatuzungusha miezi mitatu alafu tukaiona kwenye bango la shughuli zake.

JIBU: Poleni kwa hilo la bango. Nianze na la pili maana ndo litawaua mapema.

Wimbo ni mali moja na mchoro ni mali nyingine. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 aliyechora ndo mwenye mchoro, labda muwe mmeandikiana vingine. Ko bibi yenu wa muheme kwa sasa ni wa mchoraji hata kama jina mlimpa wote mkiwa mnakula ugali. Kaeni chini leo, karatasi moja, mwandike wahusika ni wa nani, mapato yanagawanywaje, mtu akiondoka inakuwaje, wote saini na shahidi. Alafu kazi mkazisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kabla hamjampelekea mtu yeyote hata picha moja ya WhatsApp. Gorillaz imedumu zaidi ya miaka 20 na moja ya sababu ni kwamba tangu siku ya kwanza ilijulikana nani ana kalamu na nani ana gita.

Kuhusu kuiga, wazungu wenyewe wameigana. Mwaka 1958 kule Marekani jamaa alirekodi sauti yake kwa mwendo wa taratibu akaicheza kwa mwendo wa haraka, ikawa vile vipanya vya Chipmunks. Mwaka 1969 Sugar, Sugar ya The Archies, bendi ya katuni za TV, ilikaa namba moja Marekani wiki nne. Hapa kwetu watoto wanaimba nyimbo za Ubongo Kids na Akili and Me, katuni za Dar hizo, hakuna anayeuliza Akili kaiga nani. Na huyo Albarn mwenyewe masikio yake yapo huku siku nyingi, 2002 alitoa albam aliyofanya na wanamuziki wa Mali, na 2020 Gorillaz wakamwimbisha Fatoumata Diawara, mwimbaji wa Mali, kwenye Désolé. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma, alishafika Uingereza na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, akarekodi kwa mwanamuziki wa huko Peter Gabriel bila kubadilisha hata nguo.

Hiyo ilimba iangalieni vizuri. Ina vitundu vilivyozibwa na utando wa buibui, ndo unaoleta ule mvumo kama nyuki wako ndani ya ubao. Wazungu wamemshikisha 2-D kipaza sauti ili sauti ichafuke kidogo, babu zetu walimtumia buibui. Msiende studio mkakubali mtu "awasafishie" huo mvumo, wengi watataka kuufuta wakidhani ni kelele.

Msianze na kichupa cha dakika nne mtachoka na kugombana. Fanyeni kiitikio kimoja tu, sekunde 20, simu na programu ya bure ya kuchora zinatosha. Rekodini ngoma kwanza, mchoro ufuate ngoma, sio kinyume chake. Na huyo bibi, ngoma aibane katikati ya mapaja kama inavyopigwa, msimsimamishe na fimbo kama drams za Russel. Mkono wake ukitua kwenye ngozi utue pamoja na mlio, sio nusu sekunde baadae. Mtu wa London hatoona tofauti. Ila mkimaliza wapelekeeni bibi zenu hapo Chamwino simu waangalie, mkono ukichelewa watawaambia kabla wimbo haujaisha.